Kazi katika nishati mbadala: njia zilizo wazi kwa vijana wa mashariki ya Congo

Kila mwaka matokeo ya Exetat yanapotangazwa, wazazi wanawajia wachungaji na swali lilelile: "Mchungaji, mtoto amepata diplome, sasa afanye nini?" Wengine hawana pesa ya chuo kikuu. Wengine watoto wao wamemaliza chuo tangu miaka mingi na bado wanakaa nyumbani, au wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine. Na katika vijiji vingi kuna watu wanaowaita vijana hao usiku, waende kubeba silaha. Kwa hiyo swali la kazi haliwezi kubaki nje ya mlango wa kanisa.

Andiko hili linaeleza aina moja ya kazi ambayo inakua katika majimbo yetu hata wakati wa shida: kazi ya nishati mbadala. Tutasema ni kazi gani, inajifunziwa wapi, inaanza na nini, na hatari zake ni zipi. Neno kubwa tunalotaka msomaji abaki nalo ni hili: paneli za sola zimekwisha kufika hata vijijini, lakini watu wa kuzitunza ni wachache. Panda juu ya paa la kanisa, la shule au la kituo cha afya, mara nyingi utakuta paneli nzima na batri iliyokufa chini yake. Pale ndipo kazi ilipo.

Nishati mbadala ni nini

Ni nguvu inayotoka katika vitu ambavyo Mungu anavitoa tena na tena: jua, maji yanayoteremka mlimani, upepo, samadi na mabaki ya mimea. Inaitwa mbadala kwa sababu inashika nafasi ya mazutu ya grupu, mafuta ya taa, na makala yanayomaliza misitu yetu. Kwetu mashariki, jua na maji ndivyo vinavyoleta kazi nyingi. Upepo bado haujaleta kitu kikubwa. Mapishi yasiyokula miti mingi nayo ni sehemu ya jambo hili, na tutayafikia.

Umeme wetu unatoka wapi

Ili kijana ajue mlango uko wapi, inafaa ajue nyumba ilivyojengwa. SNEL, kampuni ya umeme ya Serikali, ilianzishwa mwaka 1970. Huku Kivu, umeme wake umetegemea kwa muda mrefu mto Ruzizi: kituo cha Ruzizi I kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II kilifuata mwaka 1989, kikiwa mali ya pamoja ya Congo, Rwanda na Burundi. Mitambo hiyo ni ya zamani, na watu wameongezeka sana. Katika nchi nzima, karibu mtu 1 tu kati ya 5 anapata umeme, na vijijini ni wachache zaidi.

Mabadiliko yalikuja na sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014. Sheria hiyo ilifungua kazi ya umeme kwa makampuni na vyama vingine, si kwa SNEL peke yake. Baadaye ziliwekwa ofisi mbili: ARE, inayosimamia taratibu na bei, na ANSER, inayoshughulika na umeme wa vijijini na pembezoni mwa miji.

Matunda yalianza kuonekana. Upande wa Hifadhi ya Virunga, kituo kidogo cha maji cha Mutwanga kilianza mwaka 2013, kikafuatwa na Matebe katika Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka 2015 chenye nguvu ya megawati 13 na zaidi, kisha Luviro upande wa Lubero. Kampuni ya Nuru ilianza na mtandao mdogo wa sola mjini Beni mwaka 2017, halafu mwaka 2020 ikawasha Goma mtambo wa sola wa megawati 1.3 wenye batri. Na Altech, inayouza taa za sola na majiko bora, ilianzishwa mwaka 2013 na Washikala Malango na Iongwa Mashangao, wana wa Kivu ya Kusini waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Vijana wetu walioko kambini leo wasikie hilo.

Kazi zilizopo

Watu wengi wakisikia "kazi ya sola" wanafikiri ni kupanda juu ya paa tu. Kazi ni nyingi, na hazidai masomo sawasawa.

Fundi wa sola. Ndiye anayepima mahitaji ya nyumba, anaweka paneli, regulata, batri na konvertisa, anavuta waya, na anarudi kutengeneza. Wateja wake ni nyumba, maduka, saluni, wachajishaji wa simu, makanisa na shule. Kazi hii inaweza kuanza na mtu mmoja na mfuko wa vifaa.

Fundi wa friji za chanjo na vituo vya afya. Makanisa yetu yanasimamia hospitali na vituo vya afya vingi. Siku hizi friji nyingi za chanjo zinatumia jua moja kwa moja, bila batri: mchana zinatengeneza barafu, na barafu hiyo inalinda baridi usiku. Ikiharibika na hakuna anayejua kuitengeneza, chanjo za watoto wa eneo zima zinatupwa. Fundi anayejua friji na umeme wa jua pamoja hatakosa wa kumwita.

Kazi za mitandao midogo. Kampuni inayowasha mtaa inahitaji wachimba mashimo ya nguzo, wavuta waya, waunganishaji wa nyumba, wafunga mita, walinzi wa mitambo, madereva, wahesabu na watu wa kupokea malalamiko ya wateja. Nusu ya kazi hizo hazishiki waya hata kidogo. Dada aliyesoma biashara na utawala ana nafasi pale kama kaka aliyesoma umeme.

Fundi wa turbine ndogo. Milima ya Lubero, Kalehe, Walungu na Ituri ina vijito visivyokauka. Misheni nyingi za zamani zilijua hilo, zikawasha hospitali na shule zao kwa maji. Mafundi wa kwetu nao wametengeneza turbine kwa vyuma vinavyopatikana sokoni. Hesabu yake si ngumu: litre 50 za maji kwa sekunde, zikianguka kutoka urefu wa metre 20, zinaweza kutoa karibu kilowati 5 baada ya kuondoa hasara ya mitambo. Hizo zinatosha taa za kijiji kidogo na mashine ya kunyolea, ingawa mulini wa kusaga unadai zaidi. Kazi hii inataka fundi wa kuchomelea, mwashi wa mfereji na fundi wa umeme washirikiane.

Muuzaji na wakala. Taa ndogo za sola na vifaa vya nyumba vinauzwa kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Makampuni yanatafuta mawakala wanaojulikana katika mtaa, wasioiba na wanaoweza kueleza kifaa kwa lugha ya watu. Mara nyingi wakala analipwa kufuatana na mauzo, kwa hiyo asome mkataba kabla ya kutia sahihi, na aulize: mteja asipolipa, hasara ni ya nani?

Mafundi wa mbabula bora na makala ya takataka. Hapa Goma na viunga vyake, makala mengi yametoka katika miti ya Virunga, na watu wamekufa kwa ajili ya biashara hiyo. WWF ilianza mradi wa EcoMakala mwaka 2007, wakulima wapande miti yao wenyewe ya kuchoma makala, na mbabula zinazokula makala machache nazo zilianza kutengenezwa. Fundi wa bati na mfinyanzi wa udongo wanaweza kuishi kwa kazi hiyo. Wengine wanakusanya maganda, vumbi la makala na mabaki ya mimea, wanayabana kuwa vipande vya kuchoma. Mtaji wake ni mdogo, na akina mama wengi wameanza hivyo.

Kazi zinazozaliwa na umeme. Mahali umeme unapofika, kazi nyingine zinafuata: kuchomelea vyuma, kushona kwa mashine, kukausha na kusaga, kuuza vinywaji baridi, studio ya picha, kuchapa barua. Mutwanga umeme wa mto uliwezesha kiwanda cha sabuni na kiwanda cha chokoleti kutokana na kakao ya Beni. Kijana asiyependa waya anaweza kuwa mtumiaji mwenye akili wa umeme wa wengine.

Mahali pa kujifunzia

Njia ya kwanza ni shule ya sekondari ya ufundi, sehemu ya umeme. Mzazi ambaye mtoto wake yuko mwaka wa saba au wa nane afikirie mapema. Tumezoea kuwasukuma watoto wote kwenye ualimu na biashara, halafu tunashangaa kwamba fundi anatoka mbali.

Njia ya pili ni INPP, taasisi ya Serikali ya kuandaa watu kwa kazi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ina ofisi na karakana Goma na Bukavu. Inapokea hata watu wenye umri mkubwa, kwa mafunzo ya miezi, si ya miaka. Aliyemaliza masomo ya barua au ya ualimu anaweza kuanza pale upya bila aibu.

Njia ya tatu ni chuo kikuu. ULPGL ya Goma, chuo cha jumuiya za Kiprotestanti kilichoanza mwaka 1985, ina kitivo cha sayansi na teknolojia kinachofundisha uhandisi wa umeme. Mhandisi anahitajika kupanga mitambo mikubwa, kuandika miradi na kusimamia mafundi. Lakini tuseme wazi: mhandisi 1 anahitaji mafundi 10 chini yake. Familia isiyo na uwezo wa chuo kikuu isihesabu kwamba mlango umefungwa.

Njia ya nne ni kukaa chini ya fundi. Mpe fundi mwaminifu mwaka 1, ubebe ngazi yake, ushike taa yake, uulize maswali. Mkubaliane mbele ya mashahidi: atakufundisha nini, utakula wapi, baada ya muda gani utaanza kupata sehemu ya malipo. Kijana anayejifunza bila mapatano anaweza kubeba ngazi miaka 4.

Neno kwa dada na mama zetu. Chuo cha Barefoot College, kilichoko kijiji cha Tilonia nchini India, kimefundisha umeme wa jua kwa wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi za Afrika, wengi wao bibi wenye wajukuu na wasiojua kusoma. Wanajifunza kwa rangi za waya na kwa mikono. Kituo chao kingine kiko Zanzibar, na pale mafunzo yanaendeshwa kwa Kiswahili. Sababu ya kuchagua akina mama ni rahisi: kijana akipata cheti anakwenda mjini, mama anabaki kijijini na taa zinabaki kuwaka. Parokia ikichagua watu wa kufunzwa, isiwasahau.

Ujuzi wa kwanza: kuhesabu kabla ya kununua

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anaketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14). Fundi wa sola anaanza hapohapo. Asiyejua hesabu hii si fundi, ni mfunga waya. Tuchukue mfano wa kanisa dogo.

Taa 6 za LED za wati 10, zikiwaka saa 4: 6 × 10 × 4 = 240.
Amplifikata ya wati 100, ikitumika saa 3: 300.
Simu 10 za waamini, kila moja karibu 10: 100.
Jumla ni 640. Kipimo hiki kinaitwa wati-saa.

Sehemu ya nguvu inapotea njiani, katika waya, batri na konvertisa. Tukihesabu kwamba robo inapotea, tunagawa 640 kwa 0.75, tunapata karibu 850. Hizo ndizo paneli zinapaswa kuzitoa kila siku.

Jua kali la kweli, ukilikusanya, kwetu tulihesabu saa 4 kwa siku, ili siku za mawingu nazo zipate. 850 kugawanywa kwa 4 ni karibu 215. Kwa hiyo tunatafuta paneli za wati 200 hadi 250 kwa jumla.

Kwa batri ya volti 12: 850 kugawanywa kwa 12 ni karibu 71. Lakini batri ya risasi haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa hiyo tunazidisha mara 2, tunapata 142, na tunanunua batri ya ampe-saa 150. Batri ya lithiamu inavumilia kutumiwa zaidi, karibu sehemu 8 kati ya 10, na inaishi miaka mingi zaidi, ila bei yake ya kwanza iko juu.

Angalia hesabu hii inavyookoa sadaka. Kanisa lililonunua batri ndogo kwa sababu ni ya bei rahisi litanunua nyingine baada ya miezi michache. Kwa kawaida watu wanasema, "Sola haidumu." Sola inadumu, paneli nzuri inafanya kazi zaidi ya miaka 20. Kilichokosekana ni dakika 10 za kuhesabu.

Mambo ya nchi yetu ambayo fundi lazima ayajue

Kwanza, radi. Kabare, katika Kivu ya Kusini, ni kati ya mahali panapopigwa na radi nyingi kuliko pote duniani. Mtambo wa juu ya paa bila waya wa ardhini ni mwaliko wa moto. Goma kuna shida nyingine: juu ya mawe ya volkano fimbo ya chuma haiingii, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi mwema anatafuta mahali penye udongo, au anachimba mfereji na kulaza waya mrefu wa shaba.

Pili, mwelekeo. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linapita juu ya kichwa. Paneli inainamishwa kidogo tu, digrii 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi na majivu. Kivuli cha mti mmoja au cha msalaba wa mnara kinaweza kupunguza nguvu ya paneli sana. Chunguza kivuli asubuhi, saa sita na jioni.

Tatu, batri. Batri za risasi zenye maji zinaongezwa maji safi ya kuchemshia batri tu, yaani yaliyotoneshwa, kamwe si ya mto wala ya bomba. Zinatoa hewa inayoweza kushika moto, kwa hiyo hazilazwi katika chumba cha kulala. Zikifa, risasi iliyo ndani ni sumu kwa watoto na kwa mashamba. Fundi anayekusanya batri zilizokufa na kuzipeleka kwa wanunuzi wanaojua kazi hiyo anafanya kazi ya uponyaji, hata kama hakuna atakayemshukuru.

Nne, bidhaa za uongo. Sokoni kuna paneli iliyoandikwa wati 100 ambayo ndani ina 50. Ndiyo maana kipimo cha multimeta ni chombo cha kwanza kununua. Kwa taa ndogo na vifaa vya nyumba, uliza kama bidhaa imepimwa na kukubaliwa na VeraSol, mpango wa kimataifa wa kupima ubora.

Kuanza na kidogo

Mfuko wa kwanza wa fundi una multimeta, pinsi, turnavisi, kisu cha waya, drili ya mkono, glavu, kamba ya kujifungia juu ya paa, na daftari. Daftari hilo ni muhimu kama pinsi. Andika jina la mteja, tarehe, ulichofunga, na siku ya kurudi kukagua. Fundi anayerudi baada ya miezi 3 bila kuitwa, akafuta paneli na kukaza vichwa vya waya, mteja wake hatatafuta mwingine.

Pesa za mwanzo wengi wanazipata katika AVEC au MUSO ya mtaa. Ni vema kuliko mkopo wa mtu binafsi wa riba kubwa. Ukikopa, kopa kwa ajili ya chombo kinachofanya kazi, si kwa ajili ya kujaza duka. Ukipata wateja wa kudumu, nenda kuchukua patenti, ili usinyang'anywe vitu kila wiki. Anayetaka kuuzia majirani umeme wa turbine au wa sola, aende kwanza kuuliza katika ofisi ya nishati ya jimbo, kwa maana sheria inadai ruhusa.

Bei iwe wazi. Toa karatasi mbili: moja ya vifaa, nyingine ya kazi ya mikono yako. Mafundi wengi wanaficha faida yao katika bei ya batri, na siku mteja anapopita sokoni, imani inavunjika. Katika kazi hii jina zuri ndilo mtaji.

Anayetafuta kuajiriwa ajiandikishe ONEM, ofisi ya Serikali ya ajira, na apeleke barua kwa makampuni yenyewe. Katika barua yake asitaje masomo tu. Aseme: "Nimefunga mitambo 7, hii hapa picha yake, na hawa ndio wanaoweza kunishuhudia." Na ajihadhari. Kampuni ya kweli haimwombi kijana pesa ili impe kazi. Anayedai dola 50 za "dosie" au "za matibabu" kwa njia ya simu, kabla hujaona ofisi wala mkataba, ni mwizi. Vijana wa parokia nyingi wamelia kwa sababu hiyo, na wengine waliuza mbuzi wa familia.

Vita ikipita

Mtu atauliza: kuna faida gani kujenga, wakati kesho tunaweza kukimbia? Swali ni la haki, na hatulijibu kwa maneno mepesi. Mitambo imeporwa, waya zimekatwa, mafundi wameuawa kazini. Lakini tazama pia upande wa pili. Umeme wa laini kubwa unapokatwa na mapigano, ni paneli ndogo ya zahanati inayomwangazia mkunga. Katika kambi ya wakimbizi, mwenye kujua kutengeneza batri anapata kazi wiki ya kwanza. Shamba linabaki nyuma, duka linaporwa, ujuzi unakimbia pamoja na mwenyewe. Ndiyo sababu tunawaambia vijana wachague ufundi unaobebeka.

Kanisa lifanye nini

Parokia haiwezi kuwaajiri vijana wote, lakini inaweza kuwa mteja wa kwanza na shule ya kwanza.

1. Baraza la wazee lifanye orodha ya mitambo yote ya sola iliyo katika makanisa, shule na vituo vya afya vya eneo: inayowaka, iliyokufa, na sababu.

2. Lichague vijana 2 na mama 1 wenye moyo wa kazi, liwatume kujifunza, kwa kuwalipia sehemu ya gharama na familia sehemu nyingine. Kinachotolewa bure kabisa mara nyingi hakithaminiwi.

3. Liwape mkataba wa kutunza mitambo ya kanisa kwa malipo yanayojulikana, hata kama ni kidogo. Fundi asiambiwe kila mara kwamba kazi ni ya Mungu kwa hiyo haina malipo. Mfanyakazi anastahili ujira wake.

4. Mfadhili akileta paneli, mkutano uulize swali moja kabla ya kupokea: nani atabadilisha batri baada ya miaka 4, na kwa pesa gani? Mahali wanapochajisha simu za waamini kwa franka chache, fedha hizo ziwekwe katika sanduku la batri, zisiguswe kwa mambo mengine.

5. Mafundi wapewe siku yao katika ibada, kama tunavyowaombea walimu na waimbaji. Katika Kutoka 31, mtu wa kwanza kuelezwa kuwa amejazwa Roho kwa ajili ya kazi ya mikono ni Besaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Hakuwa kuhani.

Wanawali watano katika Mathayo 25 walikuwa na taa kama wenzao. Kilichowatofautisha ni mafuta ya akiba. Makanisa yetu yana taa nyingi zilizoletwa kwa magari ya miradi, na picha zilipigwa siku ya kuzizindua. Katika mkutano ujao wa parokia yako, omba ngazi, mpandishe kijana juu ya paa, akae chini na daftari na kuwaambia wazee alichoona. Huenda hiyo ndiyo siku yake ya kwanza ya kazi.